Wa Kuwekwa Pembeni

Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hoteli. Kutwa nzima nasimama mbele ya meza ndefu katika chumba cha kufulia kisicho na dirisha, mvuke unanipiga usoni, na ikifika jioni miguu imevimba hadi viatu vinakataa kuvulika. Siku ile nilifika nyumbani hivyo hivyo, natafuta pa kukaa tu, mume wangu akanipokea mlangoni na shuka jeupe mkononi.

"Pole na kazi, mke wangu. Naomba ulipitishie pasi kidogo. Lina mikunjo hapa katikati."

"Shuka la nani hilo?"

"La ukutani."

Jamani, jamani! Tangu asubuhi nimepiga pasi vitanda vya watu nisiowajua, halafu nirudi kwangu nipige pasi ukuta. Nilitaka kumtukana, nikaona hata tusi linahitaji nguvu. Nikachukua pasi.

Ndiye huyo mume wangu. Mtaani wanamwita Flashi, na jina hilo limemganda kuliko alilopewa na mama yake. Alilipata ujanani, alipokuwa fundi wa studio moja mjini, ile ya kusimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ngazi zisizokwenda popote. Mwenye studio alipozeeka, watoto wake wakaigeuza duka la makava ya simu. Mume wangu akahamia nje ya ofisi moja, akawa anapiga picha ndogo za vitambulisho chini ya mwavuli, mpaka ofisi nayo ikanunua kamera zake. Baada ya hapo akakaa nyumbani. Alikaa kweli kweli. Mwanamume akianza kujua bei ya nyanya kuliko wewe, ujue mambo si mambo.

Kwa hiyo alipoleta wazo la kufungua studio sebuleni, ya picha za familia, sikumzuia. "Watu wana picha chungu nzima kwenye simu," aliniambia, "lakini uliza nani ana moja ukutani ambayo wamo wote." Nikaona ana hoja. Nikamwambia haya, jaribu. Sikujua kwamba kujaribu maana yake ni kochi langu kuhamia chumbani.

Kochi liliziba njia yote. Kulala ikawa safari: unapanda kochi, unashuka kochi, ndipo ukutane na kitanda. Mama mkwe, anayeishi nasi, alihamishiwa koridoni yeye na kiti chake na redio yake. Nilidhani atalipuka. Kumbe alipapenda, maana pale hapiti mtu bila kuhojiwa. "Mmekuja wangapi? Mbona huyo mtoto ana kamasi? Mfuteni kwanza, kamera haina leso." Tukapata karani wa mapokezi bila kumwajiri. Watoto nao wakawa wanafanyia kazi za shule jikoni, na madaftari yote yakanuka vitunguu.

Watoto wenyewe ni wawili: binti aliye sekondari, na mdogo wake wa kiume tunayemwita Kifungo, kwa sababu hakuna shati lake lililowahi kumaliza muhula na vifungo vyote. Si mimi niliyewazaa. Mama yao aliondoka Kifungo akiwa bado anatambaa, akaenda nchi nyingine, hakurudi. Mimi nilikuja baadaye, wakaniita Mama Mdogo, na wa kwangu sikujaliwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ile ile niliyoingia, na mpaka leo sijaliweka chini.

Studio ilitutoa jasho. Vifaa vilikuwa vya kuungaunga: kamera yake ya zamani, stendi ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli, mwavuli mweupe, na dirisha. Dirisha ndilo lilikuwa taa kubwa. Alilivua pazia langu zito akatundika kitambaa chepesi, ili jua lisiingie kwa fujo. Upande wa pili wa chumba alitaka mtu ashike boksi lililobandikwa foili ya jikoni, mwanga uligonge boksi urudi kwenye shavu lenye giza. Mtu huyo, bila shaka, ni mimi. Mikono juu, miguu imevimba, foili inanimulika machoni.

Picha ya kwanza alimpiga mama yake mbele ya lile shuka. Shuka lilitoka safi hadi nikaona kazi ya mikono yangu. Mama mkwe alitoka kivuli. Pua haionekani, mdomo hauonekani, macho mawili tu yanang'aa.

"Nimeoga, nimepaka mafuta, nimekaa hapa mpaka kiuno kinauma, halafu unaniletea mzimu?"

"Ni shuka, mama. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inafumba jicho."

"Basi ipige pua yangu, isipige shuka!"

Shuka likashushwa, likapandishwa blanketi la kahawia kutoka kitandani kwangu. Nyuso zikatokea. Tukashangilia mapema. Hii ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba aliipaka rangi ya mafuta ya kijani kutoka sakafuni mpaka kifuani. Mwanga wa dirisha ukiugonga ule ukuta unarudi na ukijani wake. Wateja wetu wa kwanza, fundi cherehani wa jirani na mumewe na mapacha wao, walitoka wote kama watu waliokula kitu kibaya. Mama mkwe akauliza kama tunawapiga picha au tunawalaza wodini. Ikabidi lile shuka langu lirudi, safari hii lifunike ukuta wa kijani, na fundi cherehani aombwe radhi, aitwe upya.

Lakini nisimnyime haki yake. Mume wangu kazi anaijua. Hamwambii mtu acheke. Anasema, "Vuteni pumzi wote. Vuteni tena. Haya, toeni," na pale wanapotoa, mabega yanashuka, nyuso zinalegea, ndipo anabonyeza. Mwenye nyumba wetu, mtu mwenye sura ya kudai kodi hata akisinzia, alipopigwa yeye na wajukuu alitoka ana uso mpole kabisa. Mkewe aliitazama ile picha kwa muda, akasema, "Kumbe bado yupo." Akamshika mkono wakatoka hivyo.

Ikaonekana inahitajika picha kubwa ya barazani, ya kuwaonyesha wapita njia. Familia ya kupigwa bure ni ipi? Ni sisi. Nilivaa gauni langu la bluu, nikajipaka poda, nikaficha miguu kwenye viatu vya kufunika. Akatupanga: mama yake kwenye kiti, yeye mwenyewe nyuma ya kiti, Binti upande wa kulia, Kifungo amepiga magoti mbele, na mimi mwisho kushoto. "Sogea kidogo, mke wangu. Kidogo tena. Hapo hapo." Akaitega kamera ijipige yenyewe, akarudi mahali pake bila haraka. Picha ikasafishwa kubwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa barazani ikitazama barabara. Kila nikirudi kazini naiona kabla sijafika mlangoni, na nasema kweli, nilijivuna. Hata wenzangu wa chumba cha kufulia niliwaonyesha.

Wateja wakaanza kuja, hasa siku za mapumziko, ambazo kwangu mimi zilikoma kuwa za mapumziko. Jumamosi moja akaja mwalimu mstaafu na mkewe na watoto wao wakubwa, na kijana wao wa mwisho alikuwa kamleta mchumba. Msichana mzuri, ana adabu zake, kavaa viatu vinavyombana. Mume wangu aliwapanga haraka haraka, na yule mchumba akamweka mwisho kabisa, na nafasi ya kiganja kati yake na kijana. Wakapigwa, wakaridhika, wakaenda. Nikamwuliza kwa nini hakuwasogeza wale wapenzi karibu.

Akacheka. "Hiyo ni siri ya kazi. Alinifundisha mzee wangu wa studio. Mtu usiyekuwa na uhakika naye, mweke pembeni. Wachumba, mashemeji, rafiki wa familia. Wakiachana, unakata kipande, unaisafisha upya, familia iko pale pale. Ukimweka katikati umewaharibia picha nzima."

Nikacheka mimi! Nilicheka hadi boksi la foili likanidondoka. Nikamwambia wewe ni shetani, maskini binti wa watu, kasuka nywele zote zile kumbe anasubiri mkasi. Nikachukua ndoo, nikatoka barazani, nikamwaga maji, bado nacheka, nikainua macho kwenye picha yetu.

Nilikuwa kushoto, mwisho. Kati ya bega langu na bega la mume wangu palikuwa na nafasi ya kiganja, na blanketi la kahawia lilionekana hapo kutoka juu mpaka chini. Mkasi ungepita bila kumgusa mtu.

Kicheko kilinikauka. Nilisimama na ndoo yangu tupu kama niliyesahau njia ya kurudi ndani. Niliumia, tena sana. Ni kama kupigwa kofi mbele za watu, na watu wenyewe ni mtaa mzima, maana kila aliyepita barabarani alikuwa ameniona nimesimama pale na tabasamu langu, na poda yangu, nimewekwa tayari kukatwa. Na wenzangu wa kazini niliwaonyesha mwenyewe kwa mkono wangu!

Wiki ikaanza kama kawaida. Nilikwenda kazini, nikapiga pasi, nikarudi, nikapika. Swali lilikuwa moja tu, na halikunipa nafasi ya kula wala kulala vizuri: mimi ni wa nyumba hii, au napita? Maana kama napita, hii miguu naichosha kwa ajili ya nani? Nimewauguza watoto hawa surua. Nimekaa vikao vya wazazi shuleni nikiulizwa wewe ni nani kwake. Mama mkwe alipoteguka nyonga, ni mimi niliyekuwa nambeba mpaka bafuni. Hayo yote, na mkono wa mume wangu bado unanisogeza, kidogo, kidogo tena, hapo hapo.

Jumamosi iliyofuata wakaja watu wa kupigwa picha, akaniita nishike foili.

"Mwambie wa katikati akushikie," nikamjibu kutoka jikoni.

Akaja mlangoni. "Kuna nini tena?"

"Hakuna. Wa pembeni leo amechoka."

Alinitazama, kisha nikaona macho yake yanakwenda taratibu kuelekea barazani. Si mjinga, alielewa. Akajikuna kidevu. "Ah, mke wangu. Mkono tu ulizoea. Hata sikuwaza."

"Hapo ndipo umenimaliza. Ungewaza, tungebishana, ningekushinda. Sasa mkono wako wenyewe, bila kuulizwa, umeona mimi ni wa kukatwa. Nibishane na mkono?"

Wateja walikuwa koridoni wametega masikio, na mama mkwe alikuwa amepunguza sauti ya redio. Mume wangu akarudi sebuleni. Boksi aliliegemeza kwenye kiti, likaanguka, akaliegemeza tena. Familia ile ilitoka nusu uso mwanga, nusu uso giza, na ikaambiwa eti hiyo ni staili mpya.

Jioni hiyo, nikiwa namenya viazi, mama mkwe akaja jikoni akivuta mguu. Huyu mama hajawahi kunifanyia ubaya, lakini wema wake nao ni wa kupimwa kwa kijiko. Akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya na mimi.

"Mkwe wangu, usimlaumu mwenzio peke yake. Mkasi niliushika mimi."

"Mkasi gani, mama?"

"Walikuwa na picha moja kubwa, ya kule studio ya mjini. Mama yao amekaa katikati kabisa, kampakata Kifungo. Alipoondoka, hasira zilinipanda. Nikasema huyu mwanamke atoke kwenye nyumba ya mwanangu. Nikaishusha nikamkata." Akasimamisha kisu. "Sasa mtu yuko katikati, kashika mtoto, utamkataje? Nilitoa kichwa, nikatoa mwili, na mikono ikabaki. Mikono mitupu, imemshika mtoto tumboni, mwenye mikono hayupo. Binti alipoiona alilia mpaka akashikwa na homa."

Nikaacha kumenya.

"Mwanangu hakunisema hata neno moja," akaendelea. "Aliikunja akaichoma, pamoja na nyingine zote. Ndiyo maana watoto hawa hawana picha ya utotoni hata moja. Tangu hapo namwona. Mtu yeyote ambaye hakuzaliwa kwenye familia, anamsukuma kando. Hakudharau, mkwe wangu. Anaogopa."

"Anaogopa nini? Mimi nimekwenda wapi? Natoka hapa nakwenda kazini, natoka kazini narudi hapa!"

"Mwambie."

"Mwambie wewe, ni mwanao."

"Mimi nilishaharibu kwa mkasi," akasema, "sitaki niharibu na kwa mdomo." Akamaliza kiazi chake, akanyanyuka kwa kujishika ukutani.

Nililia, siwezi kuficha. Nilimlilia Binti wa wakati ule, na nikajililia mwenyewe. Halafu nikafuta uso nikaenda chumbani, nikamkuta mume wangu kwenye kochi, magoti yake yanagusa kitanda kwa jinsi palivyobana, anasugua lenzi ambayo ilikuwa safi tangu zamani. Nikakaa kando yake.

"Sikiliza. Nikitaka kuondoka, nitaondoka hata ukinibandika katikati kwa gundi. Mwenzangu si alikuwa katikati? Na nikikaa, nimekaa. Hilo liko kwangu, halimo kwenye kamera yako. Lakini sitaki kila jioni nirudi nyumbani nijikute nimewekwa karibu na mlango. Kazini nachoka, foili inanichosha, hata kochi hili kulipanda linanichosha. Ila kuwa mgeni kwa miaka yote hii ndiko kumenichosha zaidi. Siwezi tena hivyo."

Akaendelea kusugua. Nikasubiri. Mwanamume huyu anaweza kuwalegeza watu baki chumba kizima kwa maneno matatu, na kwangu mimi hakupata hata moja. Nikainuka nikaenda kuangalia viazi, nikijua jambo limekwisha hapo.

Jumapili asubuhi nilikuwa bado na khanga ya kulalia nilipomsikia Binti anaburuta viti sebuleni. Nikachungulia. Blanketi liko juu, shuka liko ukutani, na picha ya barazani imelazwa chini ikitazama sakafu. Baba yake alikuwa anafunga kamera kwenye stendi, hanitazami.

"Mama Mdogo, vaa," akasema Binti.

"Nivae niende wapi? Nimechoka, mwanangu."

"Hakuna kwenda popote. Vaa tu, uje ukae."

Gauni la bluu lilikuwa chafu, nikavaa la kawaida. Uso sikuupaka kitu. Binti alikuwa ameweka viti viwili. Kimoja akamkalisha bibi yake, cha katikati akanikalisha mimi, naye akasimama nyuma yangu na mikono yake juu ya mabega yangu. Kisha akamwambia mdogo wake, "Mkalie."

"Mimi mkubwa!" Kifungo akalalamika.

"Nimesema mkalie."

Akanikalia, mifupa mitupu, shati halina kifungo cha juu. Binti akainama akaniambia sikioni, "Mshike, Mama Mdogo. Mshike kwa mikono yote miwili." Nikamshika. Mama mkwe aligeuka akatutazama, kisha akageukia dirishani haraka na kuanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

Nilimwona mume wangu nyuma ya kamera. Mtu aliyepiga picha maisha yake yote, anatafuta kitufe hakioni. Hakusema tuvute pumzi. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, akajifuta macho na mkono wa shati, akatazama tena. "Msitikisike," akasema, sauti haina nguvu. Akaitega. Taa ndogo nyekundu ikaanza kupepesa, naye ndipo akakumbuka kwamba hajajipangia mahali.

Akazunguka stendi, akajikwaa kwenye boksi la foili, akatafuta nafasi nyuma yetu, hakuna. Karibu na mama yake, hakuna. Kulikuwa kumebaki pembeni kabisa, kushoto. Akakimbilia huko. Kamera ikalia akiwa bado hajafika vizuri.

Wakaenda wote kuitazama kwenye kioo chake kidogo nyuma ya kamera. Wote isipokuwa mimi na Kifungo, maana alikuwa bado amenikalia. Akaniletea kamera pale nilipo. Mama mkwe katoka, Binti katoka, Kifungo kanuna. Katikati niko mimi, sura imechoka, macho mekundu, khanga imechungulia chini ya gauni. Na kule mwisho kuna sikio moja, bega moja, na nusu ya mdomo. Nusu yake nyingine haimo.

"Rudia," nikamwambia. "Wewe umekatika."

"Wewe umo?"

"Si mimi huyu hapa?"

"Mzima?"

"Mzima, baba watoto. Sasa nenda urudie, watu watatucheka. Utatundikaje barazani picha ambayo fundi mwenyewe kajikata?"

"Naitundika hiyo hiyo," akasema. Akaizima kamera, akaanza kufungua stendi.

Watu wakatawanyika, kila mmoja na shughuli yake. Mama mkwe akaburuta kiti chake koridoni, redio ikaanza. Kifungo alibaki pajani kwangu, anachezea uzi wa shati lake pale kifungo kilipokuwa. Alikuwa mzito, na miguu yangu ilishakufa ganzi kabisa. Sikumwambia ashuke.